Krismasi Iliyotundikwa Ukutani

Mwanangu na mkewe walikwenda semina kujifunza jinsi ya kukaa na watoto wao siku ya Krismasi. Naandika kama ilivyokuwa, wala sijaongeza chumvi. Watoto wenyewe wamezaliwa humu humu ndani, wanakula sufuria moja na wazazi wao, wanagombania bafu moja na wazazi wao. Lakini ilibidi watu wazima wavae viatu vya kutokea, wakapange foleni ya viti ukumbini, wakafundishwe na mgeni namna ya kula chakula na watoto wao.

Walirudi wamebeba mifuko ya karatasi yenye kalamu na chupa ya maji, na nyuso za watu walioona nuru.

"Mama," mwanangu akaniambia, "kumbe tatizo letu ni kwamba hatuifanyi sikukuu iwe na maana kwa vijana."

"Huyo mwalimu wenu ana vijana wangapi?" nikamuuliza.

Akakohoa. "Ana mtoto mmoja."

"Yuko darasa la ngapi?"

"Bado anatambaa, Mama."

Nikaendelea kuchambua mchele. Mtu akisukuma toroli ya kuchezea sebuleni kwake, halafu akafungua darasa la madereva wa malori, wewe utasemaje? Utachambua mchele.

Mwanangu ni mkaguzi wa mizani. Anazunguka madukani na mawe yake ya shaba ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha mahameli, ahakikishe kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Kazi nzuri, simdharau. Ila imemwingia mpaka kwenye mifupa: jambo lisilopimika kwake halipo. Mkwe wangu yeye ni msimamizi wa chumba cha kulia hotelini. Leso ya karatasi akiigusa inageuka ndege. Akipita karibu na meza yoyote lazima asogeze uma, hata kama ni meza ya msibani. Nimemwona kwa macho yangu.

Watoto wao ni wawili. Wa kwanza ni msichana, tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kuomba kitu, anatoa hukumu. "Uji huu hauna sukari." Hukumu. "Baba leo ana hasira za kazini." Hukumu. Wa pili ni mvulana aliyekuwa mfupi kama kinu, halafu likizo moja akarefuka ghafla, suruali zikabaki juu ya vifundo vya miguu. Huyo ni Mlingoti. Kwa utani ni mume wangu, ingawa ni mume asiyeosha hata kikombe chake.

Sasa nieleze kitambaa, maana bila kitambaa hamtanielewa.

Nilikuwa fundi cherehani kabla macho hayajaanza kunisaliti. Krismasi ya kwanza ya ndoa yangu hatukuwa na kitambaa cha meza, nikachukua shuka kuukuu, na juu ya tundu lake nikashona kiraka cha ovaroli ya mume wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi bomba. Akacheka. Akasema kiraka hiki kimeingia chini ya sinki za watu wote wa mtaa huu, kimeona mengi. Akaanza kuyasimulia, chakula kikapoa, na hakuna aliyejali. Mwaka uliofuata akaleta kipande kingine mwenyewe, akashona kwa vidole vyake vinene, akasimulia tena.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba hii. Tukitoka kanisani, kabla mtu hajagusa kijiko, kila mmoja analeta kipande cha nguo iliyomfanyia kazi kuliko zote mwaka huo. Anakishona mwenyewe, kwa mkono, na wakati anashona anasema nguo ile imeona nini. Basi. Hakuna hotuba. Na nimegundua kuwa mtu mwenye sindano mkononi hadanganyi sana, kwa sababu akili yake iko kwenye kidole asijichome.

Kwa hiyo kitambaa kikakua. Kuna kaptura ya shule ya mwanangu, sehemu ya makalio, maana mwaka ule aliishi kwenye benchi la adhabu. Kuna aproni ya mkwe wangu ya wakati anaingia hotelini kuosha vyombo, kabla ya kuwa bosi wa leso. Aliishona huku analia, na mwanangu ndipo alipojua kuwa mpishi mkuu alikuwa anamtukana kila siku. Kuna gauni la chekechea la Hakimu lenye kifungo cha umbo la ua. Kuna soksi ya Mlingoti ambayo, hata baada ya kufuliwa, hatukuiamini. Madoa ya mchuzi yako kila mahali. Si kizuri. Kikitandikwa mezani, sahani zinayumba juu ya vifungo na pindo.

Mwaka jana Hakimu alikataa.

"Bibi, mimi si mtoto wa kushona matambara," alisema. "Na hicho kitu kinanuka mchuzi."

Akachukua sahani yake, akaenda nayo chumbani, akafunga mlango. Mama yake alitaka kumfuata, nikamzuia. Nilimwachia mahali pake tu. Niliongeza kipande cha shuka pembeni, nikakipiga pindo kwa mshono wangu wa kubana, nikakiacha kitupu. Nikamwambia kupitia tundu la ufunguo, "Pembe yako iko pale."

Sikuwa na haraka, lakini nilikuwa na hofu. Humu ndani ni Hakimu peke yake niliyemfundisha kushona akashika. Mwanangu akishona utadhani anafunga mbuzi. Mkwe wangu ana mkono mzuri, ila anataka kila kitu kilingane. Mlingoti hajui hata sindano ina upande gani. Nami sasa nikitazama sindano naona mbili, na zote hazina tundu. Kama yule mtoto hatakishika kitambaa, basi siku nitakayoshindwa mimi kitakunjwa, kitawekwa juu ya kabati, na panya watakimalizia. Nilikuwa nangoja Krismasi hii kuona pembe ile itajazwa au haitajazwa. Sikumwambia mtu.

Wiki chache kabla ya sikukuu, mkwe wangu alikuja chumbani kwangu na ile sauti yake ya kupokea wageni.

"Mama, nakiomba kile kitambaa. Nataka nikitengeneze kidogo."

"Kimeharibika?"

"Hapana, Mama. Nataka kukipa heshima yake. Mwalimu alisema vijana hawathamini kitu kama wazazi hawakionyeshi kuwa kina thamani."

Nikampa. Nilifikiri anakwenda kukifua.

Kisha nyumba ikajaa maandalizi, na mimi nikajaa kicheko cha moyoni. Yakaja masweta mekundu, kila mtu na lake, yenye picha ya mnyama wa pembe nyingi ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupishana naye njiani. Jua lilikuwa linakaanga mabati, sisi tunapimishwa sufu. Likaja kapu lenye utepe, la kuwekea simu, ili vijana "wawepo". Mlingoti akatia ndani simu mbovu iliyokufa zamani, akainama kama mtu anayetoa sadaka. Baba yake akamsifu. Ikaja kengele ya shaba, ile ya kugonga kwa kiganja juu ya kaunta ya hoteli kumwita mhudumu. Kila ikigongwa, mtu mmoja atatoa shukrani kwa muda uliopangwa. Mwanangu ndiye mgongaji. Alifanya mazoezi.

"Mume wangu," nilimnong'oneza Mlingoti, "ukigongewa utashukuru nini?"

"Nitashukuru kwamba haigongwi mara mbili, Bibi."

Hakimu hakucheka. Mwaka huu wote alikuwa amekonda usoni. Anatoka shule, anapita, anafunga mlango. Mama yake alisema ni umri. Baba yake alisema ni simu. Semina ilisema ni ukosefu wa programu.

Siku ikafika. Tukatoka kanisani tumelowa jasho ndani ya wale wanyama, isipokuwa Hakimu, aliyevaa blauzi yake ya kawaida na uso wa kufunga kesi. Tulipofika mlangoni mkwe wangu akatusimamisha.

"Msiingie kwanza. Fumbeni macho."

Akatushika mikono mmoja mmoja, akatupanga sebuleni kama viti, akawasha taa.

Kitambaa changu kilikuwa ukutani. Ndani ya kioo. Fremu ya dhahabu ya bandia imekizunguka kama jeneza la tajiri, na juu yake taa ndogo inakimulika. Ovaroli ya marehemu imebanwa, imenyooka, haina hata mkunjo. Nilimtazama mume wangu pale ukutani nikaona amekufa mara ya pili.

Na mezani je? Mezani palitandikwa plastiki. Mkwe wangu alikipiga picha kitambaa, akaipeleka kwa wachapishaji wa mabango, wakakichapa juu ya plastiki ya kufutika. Viraka vyote vilikuwepo, na vifungo vyote, hata doa la mchuzi lilikuwepo, linang'aa. Nikapitisha kidole juu ya kifungo cha ua cha Hakimu. Kilikuwa laini kama ulimi wa muongo.

"Sasa hakichafuki tena!" mkwe wangu akasema, macho yanameremeta. "Kile cha asili kimehifadhiwa milele, na hiki tunakifuta kwa sponji."

"Vizuri," nikasema. "Na mwaka huu tutashona wapi?"

Akatabasamu kama mtu aliyekuwa anangoja swali hilo. Akafungua boksi la kalamu za rangi. "Tutaandika, Mama! Kila mtu anaandika kumbukumbu yake juu ya plastiki, tunapiga picha, halafu tunafuta. Mwakani tunaandika nyingine."

"Tunafuta kumbukumbu," nikasema.

"Eeh!"

Jamani. Kuna watu ukiwapa mto wa kulalia watauwekea dirisha.

Hakimu alikuwa amesimama mbele ya fremu. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefungwa, na katikati ya vidole ulining'inia uzi wa kijani. Nikauona uzi ule, moyo wangu ukapiga kama cherehani.

"Mbona hakifiki mwisho?" akauliza bila kugeuka.

"Hakifiki vipi?" akasema mama yake.

"Upande huu. Kuna pembe hapa. Iko wapi?"

"Aah, ile." Mkwe wangu akapunga mkono. "Fundi fremu alisema kioo cha ukubwa ule hakipatikani, ikabidi apunguze kidogo. Nikamwambia apunguze pale palipokuwa hamna kitu. Hakugusa kumbukumbu hata moja, mwanangu, usiwe na wasiwasi."

"Palikuwa hamna kitu," Hakimu akarudia.

"Patupu kabisa. Na kimegandishwa ubaoni kwa gundi maalumu, hakitasogea."

Hakimu akamtazama mama yake, akatazama plastiki, akatazama kalamu. "Pale palikuwa pangu," akasema. Akaondoka. Mlango wa chumbani haukupigwa. Ulifungwa polepole, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mnaona?" mwanangu akatwambia, mikono kiunoni. "Hii ndiyo sababu tunafanya haya yote." Na kwa kukosa la kufanya, akagonga kengele.

Ting!

"Nashukuru mimi siyo fremu," Mlingoti akasema.

"Wewe nyamaza!"

Nikaenda mpaka mlangoni kwa Hakimu. Sikubisha hodi kwa nguvu. "Mke mwenzangu," nikamwita.

"Bibi, niache."

"Nakuacha. Nasimama tu hapa, miguu inaniuma, nikitaka kukaa nitakaa sakafuni, halafu utalazimika kuniinua."

Mlango ukafunguka kidogo. Akafungua ngumi. Lilikuwa pindo la mkono wa sweta lake la shule, la kijani, limetafunwa mpaka nyuzi zimekuwa ndevu.

"Nilileta," akasema. "Mwaka huu nilileta. Haya niambie, nishone wapi? Kwenye kioo?"

Nikalishika lile pindo, nikalipapasa. Hapo hapo ikaja harufu ya kuku anayeungua, mkwe wangu akapiga yowe, "Oveni!" Hakimu akarudi ndani, nami nikakokota miguu kwenda jikoni.

Mkwe wangu alikuwa anatoa trei, moshi umemvaa usoni. "Mama, nishikie hapa, nishikie!" Akanisukumia upande mmoja wa trei pamoja na kitambaa alichokuwa amekishikia. Tukaitua. Kitambaa kikabaki mkononi mwangu, cha moto, kina mafuta. Kidole gumba changu kikapita juu ya pindo lake.

Sikuhitaji macho. Mshono ule wa kubana ni wangu.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kipi? Hicho cha kushikia sufuria? Si ndiyo kile kipande alichokata fundi, Mama. Nikaona kisitupwe, kina pamba nzuri."

Sikumgombeza. Kumgombeza mtu asiyejua alichofanya ni kumwagia bata maji. Nikakipeleka sebuleni, nikakitandika katikati ya meza, juu ya plastiki, kikiwa na masizi yake. Nikakaa. Nikatoa sindano yangu na uzi, nikaanza kutunga.

Uzi ukapita kushoto. Ukapita kulia. Nikaulamba, nikajaribu tena.

"Lete nikusaidie, Bibi," Mlingoti akasema. Akatoa ulimi nje, akafumba jicho moja, akatetemeka. Uzi ukaingia puani kwake kabla ya kuingia sindanoni.

"Lete hapa," baba yake akasema. "Ni suala la kipimo tu." Akaishika sindano juu kwenye mwanga, akapima, akasogea mbele, akarudi nyuma. Mpima mizani mzima akashindwa na tundu. Mkwe wangu akaja na harufu yake ya kuku, akamnyang'anya, akakata ncha ya uzi vizuri sana, akaikata tena ili ilingane, akaikata tena, mpaka uzi ukawa mfupi.

"Yaani mnaunyonya uzi kama ndama," sauti ikasema.

Hakimu alikuwa ameegemea mlango wa sebuleni. Sijui alikuwepo tangu lini. Akaja, akamnyang'anya mama yake sindano, akavuta uzi mpya, akaupitisha mara moja, akapiga fundo. Halafu akaona kilichokuwa mezani. Akakigeuza, akaona pindo, akaona masizi.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho," nikasema.

"Kimeshikia sufuria."

"Kimefanya kazi, basi. Kina haki ya kuwa mezani."

Akavuta kiti. Akaliweka lile pindo la sweta juu ya kitambaa, akaanza. Mwanangu akanyoosha mkono kwenye kengele, Mlingoti akaikalia.

"Nilianza kulitafuna muhula wa kwanza," Hakimu akasema, macho kwenye sindano. "Baba aliposema nichukue hesabu na fizikia kwa sababu ndizo zenye maana. Sielewi kitu mle darasani. Nakaa nyuma. Mwalimu akigeuka kwenye ubao, meno yanakwenda kwenye mkono yenyewe. Nimekuwa wa mwisho, siyo mara moja."

"Mbona ripoti..." mwanangu akaanza.

"Ulisaini, Baba. Ulisema wastani utapanda."

Sindano ikaingia, ikatoka.

"Lakini mimi nilikununulia masweta mawili mapya!" mkwe wangu akasema, sauti yote ya hotelini imemtoka. "Nilidhani ni panya. Nilitega mitego kabatini!"

"Niliiona, Mama. Mtego mmoja ulinibana kidole."

Mlingoti akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na Hakimu naye mdomo ukamcheza upande mmoja. Mama yake akajifunika uso kwa mikono miwili yenye mafuta ya kuku. Alikuwa analia au anacheka, sikutofautisha. Mwanangu alikaa anatazama lile pindo lililotafunwa, kama anavyotazama jiwe la mizani lililobainika kuwa pungufu, lake mwenyewe.

"Jambo hili tuanze nalo kwa nani shule zikifunguliwa?" hatimaye akauliza taratibu. "Mwalimu wa darasa au mkuu?"

"Twende wote kwa mwalimu wa darasa," Hakimu akasema. "Mimi nitasema. Wewe utakaa."

Hukumu.

Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akasukuma kitambaa kwa mdogo wake. Mlingoti akavua soksi pale pale, tukapiga kelele wote. Mkwe wangu akatazama huku na huku, hakuwa ameandaa kitu, maana alijiandaa kuandika. Akachukua mkasi, akakata mkono wa lile sweta lake jekundu, mnyama akabaki na pembe moja.

"Iwe nguo iliyofanya kazi," nikamkumbusha. "Hiyo haijafanya kazi hata siku moja."

"Mama, imenitoa jasho leo kuliko aproni," akasema. Nikalikubali, lilikuwa neno la kwanza la kweli tangu semina. Mwanangu akashona kipande cha leso anayofutia mawe yake ya shaba. Alifunga mbuzi kama kawaida yake.

Kuku alikuwa mkavu. Kile cha ukutani bado kipo pale kinamulikwa, wageni wanakisifu, nami napita nikikisalimia kama wanavyosalimiwa marehemu. Hiki kipya ni kidogo, kinatosha sahani moja tu, kimejaa masizi na kinanuka soksi.

Mimi nilishona wa mwisho, kipande cha kanga yangu ya jikoni. Nilikuwa nasimulia vizuri tu, nimefika katikati, Hakimu akainama juu ya mkono wangu, akakaza macho.

"Bibi, umepinda. Tazama hapa, umetoka nje kabisa. Fumua."

"Nifumue? Mimi niliyekufundisha?"

"Fumua," akasema, na sindano akaitwaa mkononi mwangu, akaishika, anangoja.

Nikafumua.